Kenge, mchwa na mayai ndani ya kichuguu

“Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.” Methali hii imemponza kenge. Inamfanya aonekane mzamiaji, mamba mdogo aliyejichomeka kwenye shughuli za wakubwa. Nimefanya kazi na wanyama hawa miaka mingi na bado kila nikitaja ninachochunguza naulizwa: “Si ni mtoto wa mamba yule?” Siye. Ukitaka ndugu wa karibu wa mamba aliye hai leo, mtafute kuku, maana mamba na ndege wametoka shina moja. Kenge yuko upande wa mijusi na nyoka, na ulimi wake unamsema: umegawanyika ncha mbili kama wa nyoka, anautoa na kuuingiza akikusanya harufu za hewani na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilichopo juu ya kaakaa. Na kama kweli yumo kwenye msafara wa mamba, kilichompeleka huko ni mayai yao. Anayafukua na kuyala.

Ninayemzungumzia ni kenge wa mtoni, yule ambaye Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya viumbe, alimpa jina la mto Nile mwaka 1766. Huyu mkubwa hufikia mita 2, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia, uliobanwa ubavuni kama kasia. Majini anaogelea nao, nchi kavu ni fimbo. Ukimkaribia vibaya utachapwa kwanza, kung’atwa baadaye. Halafu kuna ule uzushi kwamba kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Sikio analo, tundu lililo wazi kabisa nyuma ya jicho, na mimi nimeshapoteza kenge wengi kwa sababu ya jani moja kavu nililokanyaga.

Lakini kinachonifanya nimheshimu ni namna anavyozaa.

Mvua zikinyesha na kichuguu kikalainika, jike hukichimbua ubavuni kwa kucha za mbele mpaka afike ndani wanamoishi mchwa. Anataga humo mayai 20, 30, hata 60 akiwa mkubwa, kisha anaenda zake. Kuziba anawaachia wenye nyumba. Mchwa hawana hiari: tundu likibaki wazi, hewa kavu itawakausha na siafu watawamaliza. Askari wanajipanga pale palipobomoka, vibarua wanaleta udongo waliouchanganya na mate, na haupiti muda mrefu ukuta unarudi. Mayai ya adui yao yamejengewa boma, bila malipo.

Humo ndani jua halichomi, usiku hauleti baridi kali, na unyevu hauishi. Hilo la unyevu ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu ganda la yai la kenge si gumu kama la kuku. Ni laini, mithili ya ngozi, na yai hunywa maji kutoka kwenye mazingira yake na kuvimba kadiri kitoto kinavyokua. Lingefukiwa mchangani tu, kiangazi kingelikausha. Raymond Cowles, Mmarekani aliyezaliwa Natal, Afrika Kusini, aliyaeleza mambo haya kwa kina mwaka 1930, na kila nikifukua kichuguu namkumbuka.

Vitoto huanguliwa baada ya miezi 6 hadi 9, wakati mwingine zaidi. Hapo kuna mtego: kiangazi kichuguu ni kigumu kama tofali, na kucha za kitoto cha sentimita 30 hivi hazikiwezi. Kwa hiyo vinasubiri. Mvua ya kwanza ya maana ikishuka, udongo unalegea na kazi ya kuchimba kutoka ndani inaanza.

Asubuhi moja baada ya mvua kama hiyo nilikuta kwenye kichuguu tundu la upana wa vidole viwili, tope lake bado bichi. Nikakaa. Ikatokea pua, ikafuata ndimi mbili tatu za haraka, kisha kichwa cheusi chenye mistari ya manjano mbichi kama kimepakwa rangi jana. Kikanitazama kwa muda, kikarudi ndani. Nilisubiri hadi jua likawa kali, miguu imekufa ganzi, ndipo kilipochomoka chote na kupotelea kwenye majani kuelekea mtoni. Nyuma yake, pale kwenye tundu, vibarua wa mchwa walikuwa wameshaanza kuleta udongo.