Kanuni na Sababu Yake

Mtoto wa miezi 11 ana kikohozi. Mhudumu wa afya anasubiri atulie, anamwinulia shati, anakitazama kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Zimefika 50. Kwa mwongozo wa WHO na UNICEF huyu anapumua haraka, hivyo anatibiwa nimonia. Angekuwa na miezi 12, pumzi 40 tu zingetosha.

Maarifa kama hayo yakiwekwa kwenye kompyuta kama kanuni za mtindo wa "ikiwa hivi, basi vile", tunapata mfumo wa maarifa. Kuyaandika ni rahisi mno, na hapo ndipo penye hatari. Programa akiandika "zaidi ya 50" badala ya "50 au zaidi", mtoto yule anarudi nyumbani bila dawa. Kwa hiyo tunakaa kwanza na tabibu, tunaandika visa vya majaribio: miezi 11 pumzi 49, miezi 11 pumzi 50, miezi 12 pumzi 45. Kanuni yoyote ikiguswa, visa vyote vinarudiwa.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kanuni isiyo na sababu. MYCIN, mfumo uliotengenezwa Stanford, Marekani, miaka ya 1970, ulishauri kuhusu maambukizi ya bakteria kwa kanuni mamia kadhaa. Mojawapo ilikataza dawa ya tetrasaiklini kwa mtoto chini ya miaka 8. Mtafiti wa kompyuta William Clancey alipotaka kuzitumia kanuni hizo kufundishia wanafunzi wa udaktari, alikuta sababu haimo: dawa hiyo huharibu rangi ya meno yanayokua. Kanuni nyingine ilitanguliza umri kabla ya swali la ulevi, ili mfumo usiulize kama mtoto mdogo ni mlevi. Hilo nalo halikuandikwa popote. Akija mtu akapanga upya masharti, ulinzi umekwisha, na jibu la mwisho halitamwonyesha kosa.

Jambo moja MYCIN ililipatia sana: kanuni zilikaa mbali na sehemu inayozichambua. Maarifa ya maambukizi yalipoondolewa, ikabaki sehemu ya kuchambua peke yake, ikaitwa EMYCIN, na juu yake ukajengwa PUFF, mfumo wa kutafsiri vipimo vya mapafu.

Kwenye kazi yangu siipokei kanuni mpaka iwe na sababu yake, toleo la mwongozo ilikotoka, tabibu aliyeithibitisha na tarehe. Mwongozo ukibadilika, tunatafuta kwa namba ya toleo, na kanuni za kurekebisha zinajitokeza zenyewe.