Kijiji cha Uingereza kiko salama kiasi gani? Soma namba za uhalifu bila kujitisha

Kuna swali linatufikia sana hapa kitengoni kwetu cha takwimu za uhalifu, na mara nyingi linatoka kwa watu wetu waliopata kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani kwao) au unesi huko mashambani Uingereza: nimepangiwa kijiji fulani, nimekitafuta kwenye intaneti nakuta uhalifu umepanda 75%, je niende au nitafute kwingine? Na wapo wa upande wa pili, wameona picha ya kanisa la mawe na bata kwenye bwawa wakajiaminisha kwamba huko milango haifungwi. Wote wawili namba zimewapiga chenga, sasa tuzipitie taratibu.

Tuanze na ramani ya polisi, Police.uk. Hii iko wazi kwa kila mtu, inahusu England, Wales na Ireland Kaskazini, data zake zinaanzia Desemba 2010 na zinaongezwa kila mwezi. Unaandika postikodi ya kijiji, vinatokea vidoti. Ukibonyeza kidoti unaambiwa tukio limetokea kwenye barabara fulani "au karibu yake", na hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo watu wanayaruka. Kidoti hakikai pale tukio lilipotokea. Ili asijulikane aliyeibiwa au aliyepigwa, mfumo unalisogeza tukio hadi kwenye pointi iliyopangwa tangu awali, na kila pointi lazima iwe inakusanya anwani zisizopungua 8, au isiwe na anwani yoyote kabisa, mfano sehemu ya kupaki magari au kituo cha mafuta. Mjini haisumbui. Kijijini ambako nyumba 8 zinaweza kuwa njia nzima pamoja na shamba la jirani, tukio linaweza kuonekana limetokea mlangoni kwa mtu ambaye hata hakuwepo. Kwa hiyo usimnunie mwenye nyumba kisa kidoti.

Halafu soma aina ya tukio. Kundi kubwa utakaloliona ni "ukatili na makosa ya kingono", na jina lenyewe linatisha, lakini humo ndani mmewekwa kila kitu kuanzia ubakaji na kuchoma mtu kisu mpaka kumsumbua mtu kwa meseji za vitisho, kumfuatilia fuatilia, na ugomvi wa waliokuwa wapenzi ambao hakuna aliyeumia. Sisemi ni mambo madogo, anayetishiwa na mume wa zamani yuko hatarini kweli, ila hiyo siyo hatari ya wewe kuvamiwa ukitoka kazini saa nne usiku. Ni vitu viwili tofauti kabisa na ramani inavipaka rangi moja.

Sasa hesabu. Tuchukue kijiji cha mfano chenye watu 400. Mwaka jana yalirekodiwa matukio 12, yani 30 kwa kila watu 1,000. Mwaka huu mambo ni yale yale, isipokuwa usiku mmoja wa Jumamosi kijana kalewa kapita akavunja vioo vya magari 9, na kila mwenye gari karipoti kwa ajili ya bima. Matukio yamekuwa 21. Hapo ndipo unasoma "uhalifu wapanda 75%", na kiwango kimeruka hadi 52 na ushee kwa kila 1,000, wakati aliyebadilika ni mlevi mmoja kwa nusu saa. Mwaka ujao huyo kijana akihamia mji mwingine mwenyekiti wa kijiji atatembea kifua mbele kwamba uhalifu umeporomoka. Kwa sehemu ndogo hivi asilimia haina kazi, omba idadi yenyewe, na uangalie miaka mitatu minne kwa pamoja. Kwa kulinganisha tu, England na Wales nzima ukitoa utapeli, polisi wanarekodi kama makosa 80 hadi 90 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na mashambani kwa kawaida ni chini ya hapo.

Kuna jambo lingine ambalo tovuti za kupangisha nyumba hazikuambii. Namba wanayokuonyesha mara nyingi siyo ya kijiji, ni ya eneo la sensa lililotengenezwa liwe na wakazi kati ya 1,000 na 3,000. Kijiji chako cha watu 400 kimefungwa kapu moja na vijiji jirani, na pengine na kituo cha mafuta cha barabara kuu ambako watu wanajaza tanki na kuondoka bila kulipa. Wizi wote wa pale unahesabiwa kwenu.

Na mauaji je, maana tamthilia za upelelezi za TV zao zinaua mtu kijijini kila wiki. Kiuhalisia England na Wales inapata mauaji kama 9 au 10 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, na kwa kiwango hicho kijiji cha watu 400 kingesubiri kwa wastani miaka 250 kupata moja. Tuendelee.

Kinachoibiwa kijijini ni vitu ambavyo mtu wa mjini hata hajui kama vina thamani. Chukua mafuta ya kupashia nyumba joto. Vijiji vingi havina bomba la gesi, kwa hiyo nyuma ya nyumba linakaa tanki la plastiki la kijani, lori linakuja kabla ya baridi linamimina kama lita 1,000, na hela yake siyo ya mchezo. Mwizi anakuja na pampu ndogo na mpira, anafyonza usiku, haingii ndani, havunji kitu, wewe unagundua baada ya siku kadhaa pale bibi unayemhudumia anapolalamika redieta ni za baridi. Ukiwa kea weka mazoea ya kutazama geji ya tanki na kufuli lake ukifika, ni dakika moja tu.

Kwa wakulima ni pikipiki za magurudumu manne na GPS za matrekta. Ile skrini ndani ya kebini na kile kibakuli juu ya paa la trekta vinauzwa maelfu ya pauni, vinatoshea kwenye begi, na soko lake liko hadi nchi za nje. NFU Mutual, kampuni ya bima inayowahudumia wakulima wengi, ilikadiria uhalifu wa mashambani uligharimu Uingereza pauni milioni 52.8 mwaka 2023, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria maalumu ya wizi wa mitambo kwa sababu ya hizo pikipiki. Makanisa nayo yalivuliwa mapaa, kwa sababu mapaa ya zamani yamefunikwa madini ya risasi na bei ya chuma chakavu ilipopanda wezi walipanda juu na wao. Sheria ya wauza vyuma chakavu ya 2013 ikashikilia marufuku ya kulipa keshi ili kila muuzaji aache nyayo. Na baada ya mavuno, hasa nchi tambarare za Lincolnshire na Cambridgeshire, wanakuja watu na magari ya four wheel kukimbiza sungura pori kwa mbwa, wanachezea kamari, wanapita juu ya mazao ya mtu na ukiwauliza wanakutisha. Ukiwaona usisimame kuwapiga picha, ondoka kwanza ndo upige simu.

Shida halisi ya kijiji ni umbali. England na Wales ina majeshi ya polisi 43 ya kimaeneo, na jeshi moja la mkoa linaweza kuwa na mamia ya vijiji, kituo kimebaki mji wa mbali, na sura ya polisi mnayoijua ni PCSO, askari jamii walioletwa na sheria ya 2002, ambaye hana mamlaka kamili ya kukamata na ana vijiji vingine kibao. Hili la kujiona mmeachwa peke yenu lina historia chungu. Agosti 1999 huko Emneth Hungate, Norfolk, mkulima Tony Martin aliwafyatulia bunduki wezi wawili walioingia nyumbani kwake usiku, mmoja akafa, kijana wa miaka 16. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji, mwaka 2001 rufaa ikashusha ikawa kuua bila kukusudia, na nchi nzima ikagawanyika mpaka leo. Sheria yao inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari iliyoko, lakini mwizi anayekimbia hana hatari tena kwako.

Na hapa niseme waziwazi kwa sisi tuliolelewa na yowe la "mwizi! mwizi!". Waingereza nao walikuwa nalo, tena kisheria: Sheria ya Winchester ya 1285 ilimtaka kila mwanakijiji akisikia yowe atoke wamfukuze mhalifu, na wasipompata eneo zima linabeba fidia. Leo ukimpiga mwizi aliyekwisha kamatwa, mshtakiwa ni wewe, na kama upo kwa viza ya kazi hukumu moja inaweza kukurudisha nyumbani.

Walichokibakiza ni macho. Neighbourhood Watch ya kwanza Uingereza ilianzia kijijini, Mollington, nje kidogo ya Chester, mwaka 1982, wazo likiwa limetoka Marekani, na ukiijua nyumba kumi ya kwetu hutapata shida kuielewa, tofauti ni kwamba hakuna balozi wa kukugongea muhuri. Siku hizi kazi kubwa inafanyika kwenye grupu la WhatsApp la kijiji: gari jeupe limepaki karibu na kanisa tangu saa tatu, kuna anayelijua?

Tusidanganyane, mara nyingine hilo gari ni lako. Mtu mweusi kwenye kagari kadogo, kasimama njia isiyo na taa saa tatu usiku akisubiri muda wa mteja wake ufike, ndiyo maisha ya kea, na kwa jirani aliyechungulia pazia wewe ni tukio. Wengine wana nia mbaya, wengi hawakujui tu. Nashauri wiki ya kwanza pita dukani na baa ya kijiji ujitambulishe, waambie ofisi yenu imtaarifu karani wa halmashauri ya kijiji kwamba gari fulani ni la kea, na vaa kitambulisho kifuani. Polisi wana haki ya kusimamisha gari lolote barabarani na kukuomba leseni, wape, ongea taratibu. Lakini ukitukanwa rangi yako au ukitishiwa, hilo ni kosa la chuki, liripoti hata kama huna jina la mtu. Tukio lisiporipotiwa halipo kwenye ramani, na hapo ndipo kijiji kinaonekana shwari kuliko kilivyo.

Kitu kingine ambacho ramani haikionyeshi kabisa ni utapeli, na ndio kosa linalowapata watu wengi kuliko yote, kama matukio 4 kati ya kila 10 kwenye utafiti wa kitaifa wa kuwauliza wananchi wenyewe. Wazee wa vijijini wanapigiwa na "polisi" au "benki", wanaambiwa akaunti imeingiliwa, watoe hela wampe mjumbe atakayekuja mlangoni. Hakuna polisi wala benki inayotuma mjumbe kuchukua keshi, hakuna. Ukikuta mzee yuko kwenye simu ya namna hiyo mwambie akate, asubiri kidogo, kisha apige 159, ambayo inamuunganisha na benki yake halisi. Meseji za kitapeli zipelekwe 7726.

Ila ukiniuliza mimi ni nini kinaua huko, nitakujibu barabara. Kama vifo 6 kati ya 10 vya ajali za barabarani Uingereza vinatokea barabara za mashambani, zile nyembamba zenye kona na ua wa miti pande zote, ambazo kasi inaruhusiwa hadi maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, na watu wanadhani ni lengo la kufikia. Hakuna njia ya waenda kwa miguu wala taa, na paa anaruka mbele ya gari bila taarifa. Ukitembea, tembea upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa kizibao cha kung'aa hata kama unajiona kama fundi wa barabara.

Namba za simu: 999 kama kuna hatari sasa hivi, 101 kwa yaliyokwisha pita, bure zote. Usipoweza kuongea, piga 999 kwa simu ya mkononi, kikohozi au kugonga simu kidogo kunasaidia, na ukiambiwa bonyeza 55. Mtandao wako ukikata, 999 inapita kwenye mtandao wowote ulioko hewani. Na pale ambapo simu haipiti kabisa ila meseji inapenya, kuna huduma ya kutuma meseji kwa 999, lakini lazima uwe umejiandikisha kabla: tuma neno "register" kwenda 999, soma jibu, jibu "yes", subiri uthibitisho. Fanya leo ukiwa kwenye netiweki.