Kibao cha L pekee hakikuruhusu kuendesha bila msimamizi

Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye makundi ya Waswahili walioko Uingereza: mwenye leseni ya muda (ya anayejifunza udereva) akibandika L nyekundu mbele na nyuma, aendeshe peke yake. Si kweli. Lazima awe na msimamizi wa miaka 21 au zaidi, aliyemiliki leseni kamili ya aina hiyo ya gari kwa miaka 3. Igeuze kadi ya leseni ya msimamizi usome safu ya 10, penye tarehe ya kuanza.

Wengi huchanganya na ruhusa ya mkazi mgeni kuendesha kwa leseni ya Kenya au Tanzania kwa miezi 12. Hiyo haimruhusu kusimamia mwanafunzi. Faini ya mwanafunzi anayeendesha bila msimamizi hufika pauni 1,000, pamoja na pointi za adhabu hadi 6 kwenye leseni. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze.