"Mtoto ni wangu, hasara ni yangu"? Surua haiendi hivyo

"Nisipomchanja mwanangu, atakayeumia ni mimi na yeye." Utaisikia kauli hii kila mjadala wa chanjo unapozuka. Kwa surua, hesabu hiyo haikubali.

Tazama kaunti ya Clark, jimbo la Washington, Marekani. Huko mzazi aliweza kumwandikisha mtoto shule bila chanjo ya surua kwa kutaja tu msimamo wake binafsi. Mwishoni mwa 2018 surua ikaingia, na kufikia Aprili 2019 wagonjwa walikuwa 71, wengi wao watoto ambao hawakuchanjwa. Virusi hivi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, kwa hiyo wahudumu wa afya waliwafuatilia watu zaidi ya 800, simu baada ya simu: ulikaa wapi, na nani, umechanjwa?

Gharama zote zilikadiriwa dola milioni 3.4. Matibabu yenyewe? Kama dola 76,000 tu! Takriban milioni 2.3 ni kazi ya kufuatilia na kudhibiti, na milioni 1 hivi ni siku za kazi zilizopotea. Aliyechanja na asiyechanja, wote walichangia.

Mei 2019 jimbo likafuta ruhusa ya msimamo binafsi kwa chanjo hiyo. Ya dini ikabaki, na ya kitabibu pia. Hii ya kitabibu sina ugomvi nayo: mtoto anayetibiwa saratani hawezi kupewa chanjo ya surua, naye ndiye anayewategemea zaidi wenzake darasani wawe wamechanjwa.