Mhandisi mshauri si mkandarasi

Wengi hudhani mhandisi mshauri ndiye anayejenga, au kwamba huchora ramani kisha kazi yake imekwisha. Sivyo. Mkandarasi hujenga, mshauri humwakilisha mwenye mradi, husanifu, na husimamia.

Mgawanyo huu ni wa zamani. Uingereza, katika karne ya 18, mhandisi John Smeaton aliuza utaalamu wake kwa miradi mingi, akiacha mhandisi mkazi kwenye eneo la kazi. Kwa mnara wa taa wa Eddystone, uliojengwa juu ya mwamba baharini na kukamilika 1759, alijaribu chokaa za aina mbalimbali na kubaini kuwa yenye udongo wa mfinyanzi huganda hata majini. Shirikisho la kimataifa la washauri, FIDIC, lilianzishwa 1913.

Usimamizi ndio unaookoa jengo. Mafundi wakiongeza maji ili zege limwagike kirahisi, maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na nguvu hushuka. Kwa macho halionekani. Ndiyo maana msimamizi hujaza zege kwenye viboksi vya milimita 150 wakati wa kumwaga, halafu sampuli huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Zikifeli, ana haki ya kukataa kuidhinisha malipo ya sehemu hiyo.