Mwezi ukiandama Yerusalemu: sikukuu za Kiyahudi na kwa nini tarehe zake zinahama

Kila ikikaribia Machi na Aprili swali ni lile lile kwenye kitengo chetu cha elimu kwa umma, watu wanapiga simu, wengine wanatuma meseji: hivi Pasaka ya Wayahudi ni lini, na mbona mwaka huu imewahi halafu mwaka ujao mnasema itachelewa? Mimi nafundisha historia ya dini, na jibu langu huwa moja. Pasaka yao haijahama hata siku moja. Inaingia jioni ya kuamkia tarehe 15 Nisani, kila mwaka, miaka nenda miaka rudi. Kinachosogea ni hii kalenda yetu ya ukutani.

Kalenda ya Kiyahudi miezi yake inafuata mwezi wa angani, siku 29 au 30, kama ile ya Kiislamu. Miezi 12 ya namna hiyo inatoa siku kama 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wanaacha upungufu huo uende zake ndo maana Ramadhani inazunguka misimu yote, masika utaikuta, kiangazi utaikuta. Lakini Torati inasema Pasaka iwe mwezi wa Abibu, ndo huo Nisani, wakati shayiri inaiva kule Kanaani, kwa hiyo haiwezi kuachiwa ikaangukia popote. Wakafanyaje? Wakaongeza mwezi mzima. Katika kila miaka 19, miaka 7 inapewa mwezi wa 13, Adari inakuwa mbili, ya kwanza na ya pili. Sasa ndo utaona kwa nini mwaka 2026 Pasaka inaingia jioni ya tarehe 1 Aprili halafu 2027 inaingia jioni ya tarehe 21 Aprili, ni kwa sababu mwaka wao wa 5787, unaoanza jioni ya 11 Septemba 2026, una Adari mbili ndani yake.

Zamani hakukuwa na hesabu ya kuandikwa. Mwezi ulikuwa unaandama kwa macho, mashahidi wanakwenda Yerusalemu kuapa mbele ya baraza kwamba tumeuona, na Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria za mapokeo, inaeleza kwamba walikuwa na ua wao maalumu wanapokelewa kwa karamu kubwa ili wasichoke kuja. Mtu wa Pwani aliyekaa kusubiri tangazo la mwandamo usiku wa Idi anaelewa hali hiyo bila kuelezwa. Mwezi ukithibitishwa wanawasha moto juu ya mlima, mlima wa pili ukiona unawasha wa kwake, hadi habari inafika Babeli. Baadaye mioto ya uongo ikaanza kuwashwa, ikabidi watumwe wajumbe kwa miguu, na mjumbe hafiki mbali haraka, basi jamii za mbali zikawa zinaadhimisha siku mbili kwa shaka. Mapokeo yanamtaja kiongozi wao Hilel wa Pili, karne ya 4, kuwa ndiye aliyeweka hesabu ya kudumu. Shaka iliisha lakini desturi ikabaki, mpaka leo Wayahudi wengi walio nje ya Israeli wanashika siku mbili pale ambapo Israeli wanashika moja.

Jambo jingine ni siku kuanza magharibi. Sisi wenye saa za Kiswahili hili halitusumbui sana, mzee akikwambia usiku wa Ijumaa anamaanisha ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Hivyo hivyo Shabati, yaani Sabato yao, inaingia Ijumaa jua likizama na kutoka Jumamosi nyota zikionekana. London mwezi Desemba inaingia mapema mno, kabla ya saa kumi jioni, na Juni usiku umeshakuwa mwingi. Nairobi, kwenye sinagogi ile ya kona ya Uhuru Highway na University Way, mwaka mzima ni saa kumi na mbili na ushei jioni, ikweta hailetei tofauti. Na wapo wanaosahau kwamba Shabati yenyewe, inayokuja kila wiki, ndo nguzo ya yote haya.

Mwaka mpya, Rosh Hashana, ni tarehe 1 na 2 Tishri, Septemba au mapema Oktoba. Pembe ya kondoo dume inapulizwa sinagogini, kwa desturi ya wengi mara 100 kwa siku, na nyumbani watu wanachovya tufaha kwenye asali. Hapo zinaanza siku 10 za toba mpaka Yom Kipur, Siku ya Upatanisho.

Hii naomba niikalie kidogo. Kufunga kwake ni kama saa 25 bila chakula wala tone la maji, na kunaanza jioni, kwa hiyo hakuna daku ya kukusogeza, unakula kabla jua halijazama basi. Hakuna kuoga, hakuna kujipaka mafuta, hakuna tendo la ndoa, hakuna viatu vya ngozi. Niliwahi kualikwa kwenye sala ya kufungia siku hiyo, na kilichonikaa machoni ni miguu: wazee wa heshima zao, suti safi, shali nyeupe za sala mabegani, chini wamevaa raba na ndara za kitambaa. Mchana wanasoma kitabu cha Yona chote. Jioni wanasimama karibu saa nzima, midomo imekauka, sauti zimekwisha, halafu inapulizwa pembe mara moja, ndefu, na watu wanageukiana kushikana mikono. Na kuna fundisho ambalo wengi hawalijui, kwamba siku hiyo inafuta makosa kati ya mtu na Mungu tu, ya kati ya mtu na mwenzake haigusi mpaka uende ukamwombe radhi mwenyewe. Ndo maana wiki iliyotangulia watu wanatafutana.

Siku tano baadaye ni Sukoti, Sikukuu ya Vibanda. Familia inajenga kibanda nje, paa la matawi au makuti yenye nafasi za kuona nyota, wanakula humo siku saba, wengine wanalala humo. Mwisho wake wanaomba mvua, kisha wanamaliza kusoma Torati na siku hiyo hiyo kuanza tena Mwanzo sura ya kwanza, huku wanacheza na magombo mikononi. Wayahudi wa Ethiopia wana siku yao zaidi, Sigd, siku ya 50 baada ya Yom Kipur, walikuwa wanapanda mlimani kufunga na kuomba waione Yerusalemu, na tangu 2008 ni siku rasmi ya taifa Israeli.

Hanuka inaingia 25 Kisleu, mara nyingi Desemba, na sio Krismasi ya Kiyahudi, tafadhali tuache kuiita hivyo. Inakumbuka Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipolirudisha Hekalu kutoka kwa watu wa mfalme Antioko wa Nne, karne ya 2 kabla ya Kristo, na mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ameshaipita pengine bila kujua: Yohana 10:22, "sikukuu ya Kutabaruku", ndo hiyo. Tarehe 15 Shebati ni mwaka mpya wa miti, watu wanakula matunda na kupanda miche.

Purimu, 14 Adari, ni furaha tupu. Kitabu cha Esta kinasomwa kwa sauti na kila jina la Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, likitajwa watoto wanapiga kelele na kengele mpaka msomaji anasimama asubiri. Siku hiyo ni wajibu kupeleka sahani ya vyakula kwa jirani na kutoa kwa maskini wasiopungua wawili. Mwaka ukiwa na Adari mbili, Purimu inasubiri ya pili.

Halafu Pasaka. Kazi yake inaanza wiki kabla, kwa ufagio. Chachu yote inatoka nyumbani, mkate, mandazi, chapati, tambi, biskuti, bia, chochote cha ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo. Usiku wa mwisho baba na watoto wanazima taa wanapita chumba kwa chumba na mshumaa na unyoya wa ndege, wanafagia makombo kwenye kijiko cha mti, asubuhi wanayachoma. Mkate wa wiki hiyo ni matza, unga na maji tu, na tangu maji yaguse unga mpaka utoke tanuruni haziruhusiwi kupita dakika 18. Mama mmoja aliniuliza kwenye semina, na ugali je? Swali zuri sana. Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki kwa desturi hawagusi mahindi, mchele wala maharage wiki hiyo, ila wengi wa asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Uarabuni wanakula wali bila shida, na ndoa zikichanganya pande hizo mbili lazima mkae chini mkubaliane.

Usiku wenyewe meza inapangwa mboga chungu, mfupa wa kondoo uliochomwa, yai, na mchanganyiko mtamu wa matunda na njugu unaofanana na udongo wa matofali ya Misri. Mtoto mdogo kuliko wote ndo anaanza: mbona usiku huu si kama usiku mwingine? Wakubwa wanamjibu kwa masaa. Wakifika kwenye mapigo kumi kila mtu anachovya kidole anatoa tone la divai kwa kila pigo, kwa sababu Wamisri nao waliumia na kikombe hakiwezi kubaki kimejaa.

Kutoka usiku wa pili zinahesabiwa siku 49 hadi Shavuoti, Sikukuu ya Majuma, kupewa Torati Sinai. Wakristo wanaijua kama Pentekoste, maana yake ya 50. Katikati Israeli wana siku mpya, ya kukumbuka mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, king'ora kinalia magari yanasimama barabarani watu wanashuka. Na katikati ya jua kali inakuja tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu zote mbili, la kwanza mwaka 586 kabla ya Kristo na la pili mwaka 70, taa zinapunguzwa, watu wanakaa sakafuni kama wafiwa na kusoma Maombolezo.

Siku ya kwanza ya Pasaka kuna sala ya umande, kwa sababu kule mvua zinakatika. Karibu na Mbale, Uganda, inasaliwa masika yakiwa yanamwagika. Ni Abayudaya hao, jamii ya Waganda wanaoshika dini ya Kiyahudi, iliyoanza na kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wakabaki wachache wanasali kwa siri. Kampala ikaangukia mikononi mwa JWTZ, jeshi la Tanzania, na wapiganaji wa Uganda, tangazo likatoka tarehe 11 Aprili 1979. Ukifungua kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule, 5739, jua lilipozama siku hiyo iliingia tarehe 15 Nisani.