DVD inacheza kwenye kompyuta, deki inaikataa

Mama mmoja wa Ukerewe alipanda meli Nansio akashuka Mwanza na mfuko wenye DVD tano za harusi ya binti yake, tulizomchomea dukani kwangu. "Mwanangu, deki yetu haizitaki hizi." Nilishangaa, maana hapa dukani zilianza kucheza vizuri kwenye kompyuta.

Nikaifungua moja. Ndani kuna faili moja tu, harusi.iso, yaani DVD nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Kijana wangu aliliburuta likaingia kwenye diski kama anavyonakili picha. Kompyuta ukibofya faili hilo italifungua, lakini deki inatafuta folda la VIDEO_TS lenye video yenyewe, ikilikosa inagoma. Faili la ISO halinakiliwi, linachomwa kwa amri yake, "Burn disc image". Kuanzia Windows 7 ukilibofya kwa kitufe cha kulia utaiona.

Nikachoma upya. Ikaenda hadi kwenye keki, ikaganda. Nikachoma nyingine: ikaganda pale pale, bibi harusi kashika kisu.

Hapo mafundi wengi hulaumu diski za bei chee. Mimi nauliza kwanza imekwama wapi. Diski zikiwa mbovu, kila moja itakwama mahali pake. Zikikwama zote sehemu moja, ubovu umo kwenye faili lenyewe.

Nikampigia mhariri wa video. Kila mmoja akaandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt) la kompyuta yake:

certutil -hashfile harusi.iso SHA256

Unapata herufi na tarakimu 64, kama alama ya vidole ya faili: nakala zikiwa sawa, nazo zinafanana. Zetu hazikufanana. Kumbe flashi iliyotuletea faili ilichomolewa kwa pupa faili likiwa halijamaliza kuingia. (Flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 nayo haipokei faili la GB 4 au zaidi; ifomati kwa exFAT, ila hamisha vilivyomo kwanza.) Na usishtuke DVD ya GB 4.7 ikisomeka 4.38 kwenye Windows: hujaibiwa, ni hesabu tu: kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Faili jipya lilipofika nilichoma kwa kasi ya 4x, kama robo saa kwa diski iliyojaa. 16x naiogopa, hasa kwa deki za zamani. Laptopu nayo iwe na chaji. Umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo, ambayo huchomwa mara moja tu, ni ya kutundika mpungani kufukuza ndege.

Mama hakuondoka mpaka tulipoijaribu kila moja kwenye deki kuukuu ninayoiweka chini ya meza. Tulikata keki mara tano.